Kabla Ujaze Tangi, Uliza Lilimwagwa Lini

Wasee wangu, mmeona hizi video za watu wanaong'oa viti vya Hiace, wanaweka kitanda, jiko la gesi, sinki ndogo na tangi la maji la lita hamsini, halafu wanasema wameachana na keja na sasa nyumba yao ni barabara? Mimi nazipenda sana. Ningekuwa na doo ningekuwa njiani kwenda Marsabit saa hii. Lakini kuna kitu kimoja nimenotisi. Kila video inaonyesha tangi likijazwa. Hakuna inayoonyesha likimwagwa.

Leo tuongee kuhusu hiyo sehemu isiyoingia kwenye video.

Historia ya gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na maji yake lenyewe, huwa inasimuliwa kama stori ya uhuru. Unaenda unapotaka, unalala unapotaka, huombi mtu chochote. Mimi nikiisoma naona stori nyingine ndani yake: stori ya tundu dogo lililo chini ya tangi. Kila kizazi kilichosafiri na maji kimelazimika kujifunza upya kwamba kubeba maji ni kazi nusu. Nusu ya pili ni kuyatoa kabla hayajakugeuka. Na sisi tunaoishi chini ya matangi meusi ya plastiki hapa Nairobi tumechukua nusu ya kwanza tu.

Ilianza baharini

Kabla ya gari kulikuwa na meli. Meli za kivita za Uingereza za karne ya 18 zilibeba maji ya kunywa kwenye mapipa ya mbao. Wiki za kwanza hakuna noma. Baadaye maji yanaanza kushika ute, yanageuka rangi, yananuka. Ndiyo maana baharia alipewa galoni nzima ya bia kwa siku, kwa sababu bia ilivumilia kukaa kuliko maji. Mnamo 1740 Admirali Edward Vernon akaagiza ramu ya mabaharia wake ichanganywe na maji, kinywaji kilichokuja kuitwa grogi. Sisi tunacheka kwamba jamaa walikuwa walevi. Walikuwa walevi kweli, lakini pia walikuwa watu ambao pipa lao la maji lilikuwa limewashinda.

Kuanzia karibu mwaka wa 1815 jeshi hilo la majini likaanza kuacha mapipa na kuweka matangi ya chuma. Maji yakawa afadhali sana. Lakini chuma nacho kina tabia zake: kinashika kutu, na kutu haielei, inatulia chini. Kwa hivyo chombo kilibadilika, kazi ya kukisafisha ikabaki palepale.

Na msifikirie hii ni akili ya wazungu peke yao. Nenda Lamu, uingie nyumba za zamani za mawe. Utakuta birika, lile tangi la kujengwa ambalo maji ya kuoga na kutawadha yanawekwa. Ndani ya birika watu walikuwa wanaweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Fikiria hiyo kitu. Hakuna maabara, hakuna darubini, lakini watu wa Pwani walishaelewa kwamba maji yaliyokaa ni shamba, kitu kitaota humo ndani ukitaka usitake. Wakaweka mlinzi.

Daktari wa meli anapanda gari la farasi

Sasa angalia vile hii stori inashuka kutoka baharini hadi barabarani. Mwaka wa 1885 daktari mmoja Mskoti anaitwa William Gordon Stables alijengewa gari la kulala huko Bristol. Lilivutwa na farasi wawili na akaliita Wanderer. Alitoka nalo kusini mwa Uingereza akapanda hadi Inverness, Scotland. Mbele yake alikuwa na mtumishi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, kazi yake kuonya watu barabarani kwamba kuna mzigo unakuja. Yaani jamaa alikuwa na makanga wake mwenyewe.

Wengi huanza historia ya karavani za starehe na huyu Stables. Kinachonivutia mimi ni kazi yake ya zamani: alikuwa daktari mstaafu wa jeshi la majini. Kitabu alichoandika kuhusu hiyo safari kililiita gari lake jahazi la nchi kavu. Hilo jina halikutoka hewani. Mtu aliyewahi kutibu mabaharia anajua nyumba inayosafiri ni nini: ni chombo kilichofungwa, kina maji kiasi na uchafu kiasi, na hivyo viwili havifai kukutana.

Huku kwetu, miaka kumi na kitu baadaye, maji yalianza kusafiri kwa magurudumu ya aina nyingine. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na muda si muda ikaingia nyika ya Taru, mahali kukavu hadi wafanyakazi walitegemea maji yaliyoletwa na treni. Reli ilipofika mwaka wa 1899 kwenye kijito ambacho Wamaasai walikiita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, ikatua kambi pale. Mji wetu mkuu umepewa jina la maji yanayotembea. Leo wengi wetu tunaoishi humo tunakunywa maji yaliyosimama kwenye paa.

Gari linapata sinki

Mwaka wa 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ya Marekani ilionyesha gari la kitajiri lenye sinki ya kukunja nyuma ya kiti cha dereva, na chungu cha choo. Mwaka wa 1915 tajiri mmoja wa New York, Roland Conklin, alipakia familia yake kwenye basi alilolijenga kama nyumba, lenye jiko kamili na hadi bustani juu ya paa, wakaelekea San Francisco. Huko Ujerumani mwaka wa 1931 Arist Dethleffs alijenga karavani ya kuvutwa ili familia yake isimkose kila akienda safari za kazi. Mwaka huohuo, Marekani, Wally Byam alikuwa anaanzisha kampuni ya Airstream, zile trela za bati linalong'aa kama sufuria mpya.

Byam ndiye mtu wangu kwenye hii stori. Alitaka trela ambayo ingejitegemea kwa kila kitu, usiiunganishe na bomba la mtu wala stima ya mtu. Na mwaka wa 1959 akaamua kuijaribu mahali pagumu: alileta msafara wa trela 41 Cape Town, wakaanza kupanda Afrika kuelekea Cairo. Walipita Kongo ikiwa bado ya Wabelgiji, wakapita Uganda, wakapita hapa Kenya, wakaingia Ethiopia. Mwaka wa 1960 wakafika Misri.

Tulia hapo kidogo. Kenya ya 1959 bado ni koloni. Hali ya hatari haijaondolewa, itaondolewa Januari 1960. Barabara ni vumbi na matope. Na katikati ya hayo yote inapita nyumba ya bati ya Mmarekani yenye bomba ndani, huku mama zetu wanabeba maji mgongoni kwa kamba iliyofungwa kwenye paji la uso. Mimi siangalii hizo picha nikaona uhuru peke yake. Tangi halina chemchemi ndani. Maji yalitoka mahali, na mahali penyewe palikuwa kwetu.

Hata hivyo kuna kitu cha kujifunza kwao. Mtu anayeishi na tangi ndani ya chumba anacholala hawezi kulisahau. Maji yakinuka, yananukia mtoni mwake. Sisi tangi liko ghorofa ya saba, limefunikwa, na ufunguo wa paa ako nao keateka.

Sababu tatu za kumwaga

Ukimuuliza mwenye gari-nyumba wa Uingereza au Ujerumani kwa nini anamwaga tangi, jibu la kwanza litakuwa baridi. Maji yakiganda yanapanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba halina nafasi ya hiyo asilimia 9. Linapasuka. Pampu inapasuka. Hita ya maji, ambayo ndiyo ya bei, inapasuka. Kwa hivyo kabla ya majira ya baridi kila mtu anatoa maji yote. Kampuni ya Kijerumani ya Truma hata ilitengeneza valvu ambayo halijoto ikishuka karibu nyuzi 3 inajifungua yenyewe na kumwaga maji ya hita chini, hata kama wewe umelala fofofo.

Sababu ya pili ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna mjadala. Tangi la lita 100 likijaa umebeba mtu mzima na mizigo yake. Ulaya jambo hili ni sheria: leseni ya kawaida ya gari inaishia kilo 3,500, na Uingereza waliofaulu mtihani wa udereva kuanzia 1997 ndio wamebanwa na hiyo namba. Ndiyo maana magari-nyumba mengi ya huko yanasafiri na maji kidogo tu, lita 20 hivi, halafu yanajazwa yakifika. Na ata kama askari hajakupima, fikiria breki zako ukiteremka Mai Mahiu.

Sababu ya tatu ndiyo yetu, kwa sababu Nairobi haigandi na Mombasa ndiyo kabisa. Sababu ya tatu ni joto.

Julai 1976, wanachama wa chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani walikutana kwenye hoteli moja Philadelphia. Siku chache baadaye wakaanza kuugua kama nimonia, na zaidi ya watu 25 wakafa. Nchi nzima ikaingiwa na baridi. Sumu? Magaidi? Miezi ikapita ndipo wanasayansi wa serikali wakapata mhalifu: bakteria, wakaiita Legionella kwa heshima ya wale wastaafu. Huyu mdudu anapenda maji vuguvugu yaliyotulia, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi. Hakuui kwa kumnywa. Anakuingia kwa mapafu, kupitia matone madogo hewani, kama yale ya mashini ya kupoza hewa au ya bomba la mvua ukioga.

Sasa niambie, tangi jeusi juu ya paa Mombasa mwezi wa pili liko nyuzi ngapi? Tangi la Hiace iliyoegeshwa juani Naivasha wiki tatu ukisubiri wikendi ijayo, je? Sisemi kila tangi ni kaburi. Nasema hizo ndizo hali ambazo huyo mdudu angezichagua akipewa nafasi ya kuchagua.

Namna ya kumwaga, kwa msee mwenye gari

Hii si kazi ya fundi. Egesha mahali tambarare, au uinamishe gari kidogo upande ule tundu liko. Zima hita ya maji na uipe muda ipoe, usije ukamwaga maji moto kwenye mguu wako. Zima pampu, kwa sababu pampu ikizunguka kavu kwa muda inaungua. Halafu fungua valvu ya chini ya tangi.

Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu maji yanabaki. Ni kama mkebe wa mafuta: ukitoboa tundu moja yanatoka kwa shida, ukitoboa mawili yanateremka. Kwa hivyo fungua bomba zote, za moto na za baridi, hewa iingie. Bomba la mvua lishushe chini lining'inie. Hita ina valvu yake peke yake, ifungue pia, kwa sababu kumwaga tangi hakumwagi hita. Acha kila kitu wazi hadi tone la mwisho.

Maji safi hayo unaweza kumwagia nyasi au mti. Maji machafu ya sinki ni mambo mengine kabisa, hayo hayamwagwi kando ya barabara ama kwenye mto wa watu. Yana mahali pake.

Ukirudi safari, tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, jaza tangi, fungua kila bomba hadi usikie harufu yake, acha yakae kwa muda ulioandikwa, kisha mwaga yote na usuuze hadi harufu iishe. Siki usiichanganye na klorini hata siku moja, hiyo hewa inaua. Na kama gari linakaa bila kutumika, liache tangi tupu, bomba wazi. Tangi tupu halina aibu.

Na kwa msee asiye na gari, yaani karibu sote

Kuna ploti nilikaa miaka miwili. Maji yalikuwa yanakuja na vipande vya kahawia, siku zingine na nyuzi za kijani. Nikapanda kwa keateka kumuuliza tangi linaoshwa lini. Akaniangalia kama nimemuuliza jua linaoshwa lini. Akasema, "Kijana, hilo tangi halijawahi kukauka." Alisema kwa fahari. Kwake tangi ambalo halijawahi kukauka ni ushahidi kwamba anafanya kazi vizuri.

Na namwelewa. Mji huu maji ni ya mgao. Yanakuja Jumanne na Ijumaa, ama hayaji. Boza ni pesa, mtungi ni pesa. Tumelelewa na methali kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na mtoto akimwaga maji anachapwa. Ukimwambia mtu kama huyo amwage tangi zima makusudi, atafikiri umerogwa. Mgao umetufundisha kuabudu tangi lililojaa.

Lakini angalia kinachotokea ndani. Maji mapya yanaingia juu ya yale ya zamani. Matope ya miaka yametulia chini, na bomba la kuelekea kwako linaanzia hukohuko chini. Mfuniko umepasuka, ndege anapita. Kila mara mvua kubwa inanyesha tunasikia kipindupindu kimerudi. Mlipuko uliotangazwa Oktoba 2022 uliendelea ndani ya 2023 na kugusa kaunti nyingi. Ugonjwa kama huo una njia nyingi za kuingia, na tangi lisilofunguliwa miaka mitano ni njia ambayo tumeiacha wazi wenyewe, tena tunailipia kwa kodi ya nyumba.

Kumwaga si lazima kuwe hasara. Yule Mzungu wa gari-nyumba anajaza kidogo, anatumia, anamaliza, kisha anaosha. Hata sisi tunaweza kupanga. Chagua siku moja kabla ya mgao kufika. Tumieni maji hadi yashuke chini kabisa. Yanayobaki yatolewe kwa ndoo, yapige deki ngazi, yaflashi vyoo, yanyweshe sukuma wiki za mama wa chini. Kinachobaki ni matope ya inchi mbili, na hayo hakuna mtu atayalilia. Sugua, suuza, tia dawa, suuza tena, funika vizuri. Mara mbili kwa mwaka inatosha kubadilisha mambo. Ni asubuhi moja.

Kitu kigumu hapo si maji, ni nani anaamua. Baharia hakuweza kumlazimisha kapteni. Mwenye Hiace anajiamulia mwenyewe, ndiyo raha yake. Mpangaji hana ufunguo wa paa. Lakini mpangaji mmoja akiuliza ni kelele, wapangaji kumi na wawili kwenye grupu la WhatsApp wakiuliza swali moja siku moja, landilodi anatafuta jibu. Swali lenyewe ni fupi na si matusi: tangi letu lilimwagwa lini mara ya mwisho, na nani alikuwepo?

Kwa wale mnaojenga Hiace zenu, endeleeni, na mkipita mtaani kwetu nipigieni honi. Ila mkinionyesha tangi jipya, sitauliza linabeba lita ngapi. Nitainama niangalie valvu iko wapi.